Shangazi, nilisaini jaketi 120 na stoo zimo kama 45

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usiliweke wala la ofisi, sema tu ni wakala mmoja wa serikali hapa Mwanza, ofisi ya kanda. Nina miaka 39, watoto wawili, mume wangu anafundisha sekondari. Kazini mimi ndo meneja wa huduma za utawala, cheo kinasikika kikubwa ila ukweli ni kwamba mimi ndo mtu wa kila kitu, magari mimi, mafuta mimi, walinzi na wafagizi mimi, bajeti ya matumizi mengineyo mimi, manunuzi madogo madogo ya kanda mimi, choo cha ghorofa ya pili kikiziba wananipigia mimi. Na kazi naipenda, nisikudanganye.

Sasa iko hivi. Mwaka wa fedha uliopita tuliomba hela ya jaketi okozi kwa ajili ya watumishi wetu wanaoenda visiwani, Ukara, Irugwa, Kome, huko kote. Kwenye mpango wa manunuzi tuliweka robo ya kwanza, yaani Julai mpaka Septemba, hela yenyewe ikaja katikati ya Mei. Mei Shangazi! Tukaanza kukimbizana, nikaingiza kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mzabuni akapatikana, jaketi 120 kila moja 95,000, jumla milioni 11 na laki 4, LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ikatoka Juni tayari imeshafika katikati. Mzabuni akaleta awamu ya kwanza, zilikuja kama 45 hivi, akasema zilizobaki ziko njiani zinatoka Dar, ndani ya wiki zitakuwa zimefika.

Siku mbili kabla ya mwaka kufungwa mzee akaniita. Mzee ndo bosi wetu wa kanda, wote tunamwita hivo. Ilikuwa jioni, watu wameshaondoka, mhasibu kasimama mlangoni na vocha mkononi maana mfumo wa malipo unafungwa. Mzee akaniambia, binti yangu, hela hii ikirudi Hazina wale vijana wetu wa visiwani mwakani watavaa nini? Saini kwamba mzigo umefika wote, wiki ijayo si unafika kweli, tatizo liko wapi. Nikachukua hati ya kupokelea mali, kalamu yangu ikaisha wino katikati ya jina, mzee akanipa ya kwake nikamalizia. Mpaka leo ukiiangalia ile hati jina langu lina rangi mbili, nusu bluu nusu nyeusi.

Halafu nikafanya kibaya zaidi. Nikamwita kijana wetu wa stoo, ana miaka miwili tu kazini, ameoa juzi juzi. Akaangalia karatasi akaniuliza, dada, lakini hazijafika zote. Nikamwambia saini mdogo wangu, nitasimama mimi. Akasaini. Mjumbe wa tatu wa kamati ya mapokezi alikuwa safari, aliporudi akasaini bila hata kuuliza.

Wiki ikapita, mwezi ukapita, mzigo haujaja. Mzabuni simu anapokea, hilo siwezi kumsingizia, anapokea kwa adabu kabisa, "dada yangu shikamoo, mzigo upo, kuna hela nilizungusha kidogo sehemu, nipe wiki mbili". Wiki mbili zake haziishi.

Mwezi wa nane nikapanda boti yetu kwenda kukagua kituo cha Ukara. Tulikuwa watu tisa, jaketi sita, maana nyingine zilikuwa zimepelekwa Kome. Mimi kama mkubwa nikapewa mpya, ile ya njano, bado inanuka plastiki. Nahodha mwenyewe akajifunga kuukuu iliyochanika sponji inatoka nje kaishikiza na kamba ya manila. Wengine watatu hawana kitu. Mchana upepo ukaanza, maji yanaingia ndani ya boti, na unajua Shangazi ule ndo upande kilikozama kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018. Dada mmoja wa maabara alikuwa amekaa mbele yangu hana jaketi, akanigeukia akacheka akasema "meneja tununulie basi na sisi". Sikujibu. Nilitamani nivue nimpe na nilishindwa, niliogopa, mimi siwezi kuogelea.

Wiki iliyopita imekuja taarifa kwamba wakaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, wanafika kwetu mwezi huu. Mzee kaniita tena. Safari hii anataka niandae hati za kutolea mali, zionyeshe jaketi 75 zilizobaki ziligawiwa vituo sita vya visiwani, tarehe za mwezi wa saba. Anasema tukishavuka ukaguzi mzabuni ataleta tu, na asipoleta yeye mwenyewe mzee atatoa mfukoni. Na mimi namuamini kwamba atatoa.

Ndo hapo pananipa shida. Huyu mzee siyo mwizi. Miaka mitatu iliyopita mama yangu alizidiwa usiku kule Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijaisha bado, mzee alitoka kwake na gari lake binafsi, akavuka na kivuko akamchukua mama, wakati wa kurudi wakakuta kivuko kimesimama, akakaa nae kwenye foleni ya Busisi mpaka alfajiri anamshikia dripu kwa mkono wake. Mama yupo hai leo. Mwakani mzee anastaafu. Nikikataa namharibia mafao, nikikubali najiharibia mimi. Na yule kijana wa stoo kila asubuhi ananiuliza "dada, yale mambo vipi?", siku hizi chai hanywi na sisi.

Mume wangu anasema usisaini na usiseme kitu, nyamaza tu. Dada yangu anasema acha ushamba, kila ofisi wanasaini hivo, unadhani wewe ni nani. Mimi sijui. Nina usiku wa tisa silali. Nisaidie Shangazi.

Meneja wa Jaketi, Mwanza


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na mwangaluka kwa Kisukuma, maana najua barua hii unaisoma asubuhi kabla hata hujapiga mswaki.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya manunuzi, mara ya pili nikasoma habari ya mama yako na foleni ya Busisi, mara ya tatu nikabaki kwenye ile boti na yule dada wa maabara. Nadhani na wewe ndivyo vinavyokuzunguka kichwani usiku, vimefungana fundo moja, ukivuta huku kunakaza kule. Hebu tulifungue taratibu.

Kwanza nikwambie kitu ambacho wasomaji wengi hapa hawakijui, mimi kabla sijawa Shangazi wenu nilikuwa boharia wa serikali, yaani mtunza stoo, miaka mingi, mikoa miwili. Kwa hiyo hapa siongei kama mtu aliyesikia.

Juni ni mwezi wa dhambi maofisini. Bajeti inapitishwa vizuri, mpango wa manunuzi unaandikwa vizuri, halafu hela za robo ya kwanza zinashuka robo ya nne, na Juni 30 haisogei kwa ajili ya mtu. Ndani ya wiki sita unatakiwa ufanye kazi ya mwaka mzima. Kila mtu anajua kwamba fungu lisipotumika linazimika, na mwakani ukiomba tena utaulizwa ile ya mwaka jana mbona hamkuitumia. Sasa hapo mtu mwema kabisa anajikuta anaandika kwamba kitu kipo wakati hakipo, na anaandika kwa nia ya kuokoa kitu. Nasema hivi nikiwa siwatetei, ila ukinisikia nakwambia jambo gumu huko mbele ujue naelewa ile jioni ilikuwaje, mhasibu mlangoni na vocha.

Lakini kuna sehemu nataka tuulizane. Barua yako inaongea kama vile jambo ni moja, ulisaini Juni na sasa unaambiwa umalizie. Mimi naona ni mambo mawili. La Juni limeshafanyika, lina rangi mbili, haliwezi kufutika. La sasa hivi halijafanyika. Juni mliandika mzigo umefika mkiwa mnaamini utafika, ni kosa, hakuna jina lingine, ila lilikuwa kosa lenye haraka na tumaini ndani yake. Hizi hati za kutolea mali unazoambiwa uandae sasa hivi hazina haraka wala tumaini, mnajua kabisa hakuna jaketi iliyotoka na hakuna aliyepokea. Kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, kinagusa moja kwa moja habari ya kutumia hati yenye uongo kumpotosha mwajiri. Sikutishi. Nataka ujue karatasi unayoshikishwa ina uzito gani kabla hujaishika.

Halafu tufikirie kazi yenyewe tu, tuweke sheria pembeni. Hati ya kutolea mali inasainiwa na nani? Anayetoa na anayepokea. Vituo sita, wapokeaji sita. Mzee anaposema andaa hati, hakwambii kwamba lazima watu sita wengine wasaini kwamba wamepokea kitu ambacho hawajakiona, au wewe na kijana wako msaini kwa majina yao. Juni mlikuwa watatu, na bosi na mhasibu watano. Sasa mtakuwa kumi na moja. Siri ya watu kumi na moja, na sita kati yao wanapanda boti bila jaketi kila wiki! Yule dada wa maabara siku mkaguzi akimpigia simu kumuuliza mlipokea ngapi, unadhani atajibu nini?

Na watapiga. Nikupe kisa changu, ofisi siitaji. Nilipokea saruji mifuko 200 kwenye karatasi, lori halijafika, bosi kasema linafika kesho. Mkaguzi alipokuja alikuwa kijana mwembamba mpole, nikamwekea leja mezani, bin kadi, kila kitu kimenyooka. Hakufungua hata kimoja. Akatoka nje akaenda kwa mlinzi akaomba kitabu cha getini. Tarehe ile kwenye kitabu cha mlinzi kuliandikwa pikipiki mbili, mgeni mmoja wa bosi, na mama wa maandazi. Lori hakuna. Akarudi akaniuliza, mama, hii saruji ilikuja na pikipiki? Mpaka leo nikisikia pikipiki inapiga honi tumbo linanikata. Nilipata onyo kali kwenye jalada na cheo kikanipita miaka mingi tu, bosi yeye alihamishwa. Hayo ya bosi tuyaache.

Kwa hiyo dada yako anaposema kila ofisi wanafanya hivo, hakosei sana kwamba wengi wanafanya. Ila muulize kama amewahi kukaa kwenye kile kiti mkaguzi akirudi kutoka getini.

Sasa mzee. Hapa naomba unisikilize kwa upole maana najua ni kidonda. Deni la mama yako ni la kweli, mtu aliyemshikia mama yako dripu mpaka alfajiri huwezi kumuongelea kama mtu baki. Lakini jiulize, usiku ule alipokuwa Busisi alikuwa anakuwekea akiba ili siku moja uje umlipe kwa saini? Kama jibu ni hapana, na kwa unavyomweleza nadhani ni hapana, basi haya madeni hayapo kwenye daftari moja, na wewe ndo umeyachanganya, siyo yeye. Na kama jibu ni ndiyo, hapo itabidi umtazame upya, na hiyo itauma kuliko ukaguzi.

Jambo lingine, unasema ukikataa unamharibia mafao. Una uhakika? Jaketi 75 ni milioni 7 na laki 1 na elfu 25. Ni hela, lakini ni hoja ya ukaguzi ambayo inaweza kujibiwa, mali pungufu, mzabuni anadaiwa, barua za kumdai hizi hapa. Hoja hiyo ikikutwa na hati sita za uongo juu yake inabadilika sura, inaacha kuwa uzembe wa Juni. Mtu wa kustaafu mwakani anahitaji ipi kati ya hizo mbili? Mimi nikimfikiria mzee wako naona mtu aliyeogopa. Hofu inawafanya hata watu wazima wafikirie mpaka Ijumaa tu.

Sasa njia. Ziko kadhaa na hakuna isiyo na miba, nakwambia mapema.

Kuna ya mume wako, usisaini na unyamaze. Inavutia kwa sababu unalala bila kugombana na mtu. Ila hati ya Juni bado ipo na jina lako lipo juu, mkaguzi akihesabu stoo akakosa 75 wa kwanza kuulizwa ni aliyepokea. Na aliyepokea siyo wewe peke yako, mwanangu. Ni yule kijana. Wewe una cheo, una miaka kazini, unajua kuongea na wakubwa. Yeye ana bibi harusi na miaka miwili. Mimi nimeona mara nyingi mambo haya yakiteremka ngazi mpaka yakakaa kwa mtu wa chini kabisa. Ulimwambia utasimama wewe. Sikukumbushi kukuumiza, nakukumbusha kwa sababu kati ya yote uliyoandika nahisi hilo ndo unaloliogopa kulivunja.

Kuna njia ya kumbana mzabuni. Hii hata ukichagua nyingine naona uifanye, maana simu za adabu hazina ushahidi. Mkataba upo, tarehe ya kuleta mzigo ipo, mwandikieni barua rasmi ipite masjala iwe na kumbukumbu namba, mkimtaka alete au arudishe hela, na kama mkataba una fidia ya ucheleweshaji muitaje. Anaweza kuleta ndani ya siku kumi, wafanyabiashara wakiona barua yenye nakala makao makuu miguu inakuwa miepesi. Hatari yake ni hii, siku mzigo ukifika mtashawishika kuuandika kana kwamba ulifika Juni. Ukifika Oktoba andikeni Oktoba. Itaonyesha kwamba hati ya Juni ilikuwa na uongo, ndiyo, lakini itaonyesha pia kwamba mlirekebisha wenyewe.

Kuna njia ya kurudi kwa mzee. Siyo ofisini, ofisini yeye ni bosi na wewe ni mtumishi, na mhasibu yupo mlangoni. Nenda nyumbani kwake jioni, umsalimie mkewe, ule hata sato kama wamepika, halafu muombe mkae nje mnaongea. Na usiende mikono mitupu, nenda na dokezo sabili umeshaliandika, nusu ukurasa tu, linaloeleza kwamba mzigo ulipokelewa pungufu, idadi kamili, hatua zilizochukuliwa kwa mzabuni, linapanda juu kwa afisa masuuli, yule anayewajibika kwa hela za ofisi, kabla wakaguzi hawajafika. Mwambie baba, hii inakulinda na wewe. Tumia maneno yako, unamjua. Anaweza kushusha pumzi akakushukuru, nimeona wazee wakilia kwa kupewa mlango wa kutokea. Anaweza pia kukasirika, kukuita msaliti, na Januari ukajikuta umehamishiwa mahali ambapo mumeo hawezi kukufuata. Hilo lipo, sikufichi. Akikataa na bado anataka hati, muombe kwa heshima aandike agizo lake kwenye jalada. Watu wengi hubadilisha mawazo wakiombwa kuandika.

Mzee pia siyo mwisho wa barabara, ingawa kwenye barua yako anaonekana hivo. Afisa masuuli wa wakala wenu ni mtendaji mkuu huko makao makuu, na hela ile kisheria ni jukumu lake. Kuna mkaguzi wa ndani, ambaye watu wanamkwepa kama mgambo lakini kazi yake ni hii hii ya kukamata mambo kabla ya CAG. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka kila chombo kwenye mnyororo huu kifanye kazi yake bila kuingiliwa na kingine. Wewe unabeba utawala, bajeti na manunuzi peke yako, na hapo hapo umo kwenye kamati ya mapokezi, aisee hata kama ni ofisi ndogo hiyo kofia ni nyingi mno kwa kichwa kimoja, na hilo nalo linaweza kuingia kwenye dokezo.

Njia ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ipo, namba 113, na ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Ila wewe una saini yako kwenye hati ya Juni, kwa hiyo kabla ya huko kaa na wakili, mlipe saa moja umwambie yote bila kupunguza, hata ile habari ya kalamu. Mimi ni Shangazi tu, wakili atakwambia wewe uko wapi hasa kisheria. Na tafadhali usibebe majalada ya ofisi kwenda nayo nyumbani ukidhani unajilinda, hilo ni kosa jingine. Andika kwenye daftari lako nani alisema nini na tarehe gani.

Sikuamulii. Ni wewe utakayekaa na mzee msibani na harusini miaka ishirini ijayo, na ni wewe utakayepanda tena ile boti.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenikaa, huenda hata hukukiona wakati unaandika. Umeandika zilikuja "kama 45 hivi". Na kichwa cha barua yako, "zimo kama 45". Mwanangu, wewe ni meneja. Miezi yote hii usiku tisa hulali, umepigia mzabuni simu, umepanda boti mpaka Ukara, na hujawahi kuingia stoo ukazihesabu? Naelewa kwa nini, kuhesabu ni kukiri. Ila sasa hivi hata hujui kama upungufu ni 75, ukiongeza zilizoenda Kome, ukiongeza ile uliyovaa wewe, inaweza ikawa 71, inaweza ikawa 80.

Kwa hiyo kabla ya mzee, kabla ya wakili, kesho asubuhi mapema mchukue yule kijana, mfungue stoo nyinyi wawili, mzitoe zote nje ya mifuko, mpige simu Kome na Ukara waseme wanazo ngapi mkononi. Muandike namba, tarehe, msaini wote wawili, kalamu moja. Halafu mpeleke kijana akanywe chai, umlipie wewe.

Uniandikie tena uniambie ni ngapi.